Mtu wa Kumwita Mama Veneranda

Tulimzika Mama Sidonie kule Sake, Alhamisi iliyopita. Nasema tulimzika, lakini mimi nilichelewa. Lori lililonibeba kutoka Goma lilikwama Mubambiro, mbele ya kambi ya wanajeshi, nikaingia Sake kwa miguu, viatu mkononi, watu wakiwa wamesharudi kutoka makaburini na kukaa chini ya shitingi wakila wali na maharagwe. Mvua ilipiga juu ya plastiki kiasi kwamba ukitaka kumsikia jirani lazima umsogelee. Mwanamume mmoja mwenye mvi alinivutia kiti, akanitazama usoni kwa muda, kisha akaanza kucheka.

"Weye Riziki! Kumbe na weye unazeeka? Mi nilifikiri batu ba kutembea-tembea habazeekake."

Alikuwa Janvier, na kama asingecheka nisingemjua. Akawageukia waliokaa karibu naye, akaninyooshea kidole. "Munaona huyu mama? Njo huyu alitubebesha mutu kwenye kipoyi, ku mabega, kutoka Masisi mpaka Itebero. Mugonjwa? Hapana. Maiti? Hapana. Mutu muzima, anakula kutushinda sisi benye kumubeba!" Watu walicheka, wakakumbuka wako kwenye kilio, wakanyamaza. Mimi nilishika sahani yangu bila kula. Nimeishi mahali pengi, na miaka yangu mingi imechanganyikana. Siwezi kukuambia nilikuwa wapi mwaka gani. Mwaka mmoja tu ninaujua mwezi kwa mwezi, nao ni ule niliokaa Masisi nyumbani kwa Mama Sidonie, nikiwa na miaka ishirini na minne.

Shule nilikuwa nimeiacha zamani, darasa la tano. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na kila gari lililopita lilikuwa linakwenda mahali nisipopajua. Basi nikaenda kupajua. Nilikaanga mandazi Bisie, enzi zile wachimbaji waliposhuka mashimoni na tochi kichwani, kabla ya mashine kufika. Nilisuka nywele Walikale. Nilibeba mafuta ya mawese mgongoni, nikawauliza wabebaji wenzangu maswali mpaka wakawa wanatembea mbele yangu makusudi. Mwezi wa tisa wa mwaka ule nilipanda Masisi nikiwa na homa, na muuguzi mstaafu aliyenikuta nimelala kwenye benchi la kituo cha afya alinichukua kwake. Huyo ndiye Mama Sidonie. Alinipa stoo yake iwe chumba changu: magunia mawili ya maharagwe, viazi vilivyoanza kuchipua kwenye kona, na juu ya ubao, karibu na kichwa changu, magurudumu matatu ya jibini ambayo harufu yake ilinifanya niote ng'ombe. Baridi ilipenya kwenye mbao. Asubuhi alinipa maziwa ya moto na kiazi, akaniuliza nilikotoka, akangoja jibu mpaka mwisho. Nilikuwa sijawahi kukutana na mtu anayengoja jibu mpaka mwisho.

Homa ilipoisha sikuondoka, kwa sababu nilitaka kujua anafanya nini kila Jumatano. Yeye na akina mama watano wa kikundi chao cha sala walikuwa wanawatembelea wazee wa vilima vya karibu na kuwauliza wana hamu gani kabla Mungu hajawaita. Hamu moja kwa mzee mmoja. Hawakuwa na msaada wa kutoka nje. Huyu alikuwa na mume mwenye pikipiki, yule ana mbuzi wa maziwa, mwingine ana sauti ya kuwatisha madereva wa malori mpaka wakubali kumbeba mtu. Nilimuuliza alianzaje. Alikuwa anakata vitunguu, hakuinua kichwa. "Nilipigaka bazee sindano miaka yote ile," akasema, "na hata mumoja hakuniombaka sindano."

Kazi ile ilikuwa nzuri, lakini niligundua haraka kwamba ilikuwa haiendi. Akina mama walifika kwa mzee, wakaketi barzani, wakaimba, wakasali, kisha Mama Sidonie akauliza mbele ya watoto, wakwe na wajukuu waliosimama mlangoni: "Papa, uko na hamu gani?" Na mzee, akiwaona wote wanamtazama, akasema neno linalofaa kusemwa. Blanketi. Rozari. Misa. Tuligawa blanketi mwezi wa kumi wote, mpaka mimi nikaanza kujiuliza wazee wa Masisi wanazifanyia nini blanketi zote zile. Kwa kuwa sauti yangu iliharibu nyimbo, nilikuwa naachwa nyuma kumsaidia mwenye nyumba kazi ndogo, na kazi ndogo ya Masisi, msimu wowote, ni kuchambua maharagwe. Mnaweka ungo katikati, mnainamisha vichwa, vidole vinatoa mawe na mbegu zilizooza. Hakuna anayemtazama mwenzake. Hapo ndipo wazee walipoanza kusema.

Wa kwanza alikuwa Papa Gaspari, ambaye barzani alikuwa ameomba blanketi kwa sauti ya kuhurumiwa. Juu ya ungo aliniambia kwa mnong'ono: "Makayabu. Muzima, na kichwa yake. Na mutu asiniangalie." Katika maisha yake yote hajawahi kula samaki wa chumvi bila kugawa, alipokuwa mtoto aligawa na ndugu zake, alipokuwa baba aligawa na watoto, na sasa wajukuu. Tulimkaangia mmoja mzima, tukamfungia mlango. Wajukuu walikaa nje wakinusa. Alipotoka alijipangusa mdomo, akafikiri. "Haikuwa butamu vile nilizania," akasema. "Lakini ilikuwa yangu." Mama Sidonie alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku ile hakuuliza tena barzani. Waliimba, walisali, kisha wakaomba ungo. Bibi mmoja aliyekuwa ameomba rozari tulimpeleka Sake kwenye kiti cha mbele cha lori, mkono nje ya dirisha, akiwapungia watu wote, hata ng'ombe.

Mama Veneranda tulimfikia karibu na Noeli. Alikaa kwa mwanawe Deo, katika nyumba ndogo iliyo nyuma ya nyumba kubwa, na moto katikati. Juu ya rafu alikuwa na chupa ya mafuta ya mawese, na mafuta yale yalikuwa yameganda kwa baridi, magumu na ya rangi ya chungwa, hata ukiipindua chupa hayatikisiki. Aliyasogeza karibu na moto kila asubuhi, akachota kidogo kwa kijiti, akajipaka mikononi. "Kwetu haigandake," aliniambia, kabla hata hatujaanza kuchambua. Kwao ni Itebero, kule msituni, chini Walikale. Aliolewa akiwa msichana. Mume alikuwa Muhunde aliyeshuka kununua mawese, akapanda naye mlimani. Alitaka kurudi kusalimia. "Mwanzo ilikuwa batoto," alisema, "kisha vita, kisha magoti."

Nilimuuliza hamu yake. Vidole vyake viliendelea kwenye ungo.

"Bablanketi niko nazo tatu. Mi nataka mutu aniite."

"Lakini tunakuita, Mama Veneranda."

"Veneranda ni ya padri. Mama Deo ni ya mutoto. Koko ni ya bajukuu. Ile yangu, ile baba yangu alinipa, hakuna mutu anaijua huku mulimani. Bwana yangu aliijua. Tangu alikufa, haiyatoka tena mu kinywa ya mutu."

"Niambie basi. Nitakuita mimi, kila siku, mpaka uchoke."

Alitupa jiwe dogo motoni. "Nikikuambia, utaniita kama kasuku. Mi nataka mutu mwenye kuijua." Kisha akasema kwamba alimwacha huko mdogo wake, Leokadia, mtoto wa kubebeshwa kuni ndogo. Hakujua kama yu hai.

Nilikuwa nimeshasimama. Ningeweza kusema kwamba huruma ndiyo iliyonisimamisha, na ilikuwepo, lakini kilichotangulia ni kwamba nilitaka kulijua jina lile. Mama Sidonie alilalamika wiki nyingi: Itebero si Sake, njia ina watu wa bunduki, mimi nimetoka tu kwenye homa. Asubuhi ya safari alinifungia jibini moja kwenye kitenge.

Niliteremka mwezi wa pili. Nilipita Nyabiondo, nikapata pikipiki pale palipopitika, na pasipopitika nikatembea na wanawake wenye mizigo ya chumvi na sabuni. Kila siku hewa ilizidi kuwa nzito na ya moto, viazi vikaisha, mihogo ikaanza, kisha miti ikafunga juu yetu. Itebero niliuliza ni wapi kwa Leokadia mwenye dada aliyeolewa milimani, na watu wakanipeleka moja kwa moja, kwa sababu huyo dada alikuwa anazungumzwa mpaka leo kama mtu aliyetoka jana. Leokadia alikuwa mwanamke mdogo sana, jicho moja jeupe kwa mtoto wa jicho na la pili likielekea huko, miguu imevimba. Hata mtoni alikuwa haendi tena. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na majani, nyeusi kwa moshi ndani, na juu ya moto uchanja wa samaki wadogo waliokuwa wanakaushwa. Alinilisha ndizi zilizopondwa na sombe ya majani ya mihogo, iliyoogelea kwenye mawese mekundu, yanayotiririka. Aliniuliza jambo moja kwanza.

"Dada yangu iko na meno?"

"Yamebaki matatu, Mama."

"Mimi ine," akasema, akapiga paja. "Nimemushinda!"

Kisha akalia, kisha akanieleza. Huko kwao dada mkubwa hulima mbali na mdogo hubaki kupika. Chakula kikiwa tayari, mdogo anasimama mlangoni na kumwita mkubwa ng'ambo ya shamba, kwa sauti ndefu, na yule aliyeitwa lazima aitike. Jina likitoka bila kuitikiwa, watu wanaacha majembe na kukimbia, maana aliyeitwa ameumwa na nyoka au ameanguka. Hakuna anayeachiwa jina lake likae hewani. Ndivyo walivyoishi mpaka siku ya harusi. Leokadia alisema asubuhi ya kwanza baada ya dada kuondoka alisahau, akasimama mlangoni, akaita. Watu wawili walikuja mbio na mapanga.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilikuwa na simu ya vitufe iliyoweza kurekodi sauti. Mtandao haukuwepo Itebero, kupiga kusingewezekana, lakini nilijiona mwerevu sana. Nilimwomba Leokadia asimame mlangoni aite kama zamani. Alijishika kwenye mwimo wa mlango, akajaza kifua, akaita. Sauti iliyotoka haikuwa ya bibi. Nililisikia jina. Nililibeba siku zote za kupanda, nikilirudia moyoni, na sijawahi kulitamka mbele ya mtu; hata hapa sitaliandika, si langu.

Mama Veneranda alikuwa ameketi kwenye kigoda chake niliporudi. Deo alikuwepo, na Mama Sidonie, na wajukuu. Niliweka simu juu ya goti lake, nikabonyeza. Jina lilitoka. Mama Veneranda aliinuka wima, mtu aliyekuwa hainuki bila kushikwa, akaitika. Sauti yake ilikuwa kubwa na ndefu, wajukuu walirudi nyuma. Kisha akangoja. Simu ilikuwa imenyamaza. Akaitika tena. Nilibonyeza mara ya pili, nikidhani nasaidia, na simu ikaita vilevile kama mwanzo, kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia jibu.

"Zima," alisema Mama Sidonie. Nilizima. Nilikuwa nimeelezwa yote, kwa urefu, na mtu mwenye kujua, na bado sikuelewa mpaka nilipoona uso wa bibi yule.

Wiki ile alikula vijiko viwili kwa siku. Alikuwa anakaa mlangoni akitazama chini magharibi, na mara kwa mara, mchana, aliitika. Nilimwambia ilikuwa simu tu. "Najua ni simu," akasema kwa uchovu. "Mi si mujinga. Lakini roho haijui. Ananiita, hasikii. Atasema nimekufa." Nilikuwa stoo, kwenye magunia yangu, siku Deo alipokuja kumtolea Mama Sidonie hasira yake, nikasikia yote, maana ukuta ulikuwa ubao mmoja.

"Mama yangu alikuwa na amani," alisema Deo. "Alikuwa anazeeka pole pole kama batu bote. Ninyi mulikuja na nyimbo zenu na lungo yenu. Sasa anakaa anaitika hewa. Bajirani banasema amekamatwa na mashetani. Na ule mutembezi wako, ule hana hata kwao, kazi yake ni kuchokonoa batu!"

"Ni kweli," alisema Mama Sidonie. "Amechokonoa. Basi tumalize."

"Kumaliza namna gani?"

"Tumupeleke."

"Na nini? Na kipoyi? Mama Sidonie, kipoyi ni ya mugonjwa na maiti. Na akikufia njiani?"

Nilisikia kijiko kikikoroga kikombe ambacho sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. Mama Sidonie alikuwa anangoja. Deo alitoka, na mama yangu mwenyeji akaja mlangoni pa stoo, akanitazama nilivyojikunja. Nilidhani atanifukuza. "Weye unajua njia," alisema. "Ulale vizuri. Utatuonyesha."

Haikuwa mara moja. Vita vilifunga njia wiki nyingi, mvua ikafuata, na Mama Veneranda akapungua mpaka shingo yake ikawa kama mkono wa mtoto. Kilichomgeuza Deo alinisimulia mwenyewe baadaye: mama yake alimwita amletee maji, yeye akakawia kuitika, na alipoingia alimkuta amejishika kifua, akiamini mwanawe ameumwa na nyoka. Jioni ileile alitoa kiti cha marehemu baba yake, chenye mikono, akakifunga kwenye miti miwili ya mikaratusi. Mwezi wa saba, njia zilipokauka, tuliondoka. Deo alishika mti wa mbele upande wa kulia, Janvier wa kushoto, wapwa wawili nyuma. Janvier wakati ule alikuwa kijana wa kucheza mpira, mwenye mabega na mdomo. Mama Sidonie alitembea na sanduku la dawa. Mimi nilitangulia.

Tulikuwa tumefikiria bunduki, mito, nyoka, na dawa za presha. Hakuna aliyefikiria jambo ambalo kila mtu wa Masisi anajua tangu utoto: kipoyi kikipita, mlima wote unaacha kazi. Wanaume wanakuja mbio kupokea miti mabegani, kilima kwa kilima, maana leo ni mgonjwa wa hawa na kesho wa wale, na wanawake wanafuata nyuma. Kilima cha kwanza wanaume sita walituteremkia na majembe bado mkononi. "Hôpital iko kule!" walipiga kelele. "Munamupeleka wapi? Munapotea!" Kilima cha pili mwanamke mmoja aliona kiti, akaona blanketi, akaona Mama Veneranda amefumba macho kwa jua, akaweka mikono kichwani na kuanza kulia kilio cha msiba. Wengine wakapokea. Kabla hatujasema neno tulikuwa na matanga kamili yanatufuata. Mama Veneranda alifumbua jicho moja, akatoa kichwa nje ya blanketi.

"Bado!" akawaambia. "Mungoje kidogo!"

Yule mwanamke alikaa chini katikati ya njia. Janvier alicheka mpaka mti ukamtoka begani, kiti kikainama, na Deo akamtukania mababu zake wote. Tangu hapo kazi yangu ya kutangulia ilikuwa kufika kila kijiji kwanza na kueleza: haumwi, hajafa, anakwenda kuitwa jina. Nilidhani watatucheka. Walisikiliza, wakaniuliza nirudie, kisha wakachukua miti vilevile. Mzee mmoja asiyekuwa na nguvu ya kubeba alitembea kando ya kiti kilima kizima, mkono juu ya mti, na tulipoachana akaniita pembeni. "Mukirudi, mupite kwangu," alisema. "Mi pia niko na moja."

Kwenye kizuizi kimoja vijana wenye silaha walitusimamisha. "Iko na ugonjwa gani?" aliuliza mkubwa wao. Tukasema haumwi. "Kama haiko mugonjwa, mbona anabebwa?" Mama Veneranda alimtazama toka juu hadi chini. "Na weye mbona unabeba ile bunduki? Unaumwa?" Wenzake walicheka, na mkubwa, baada ya kufikiri, akacheka pia. Walichukua jibini letu moja, wakatuachia jingine.

Siku nane tulishuka, mbili kati ya hizo juu ya lori la mbao, yeye akiwa mbele na dereva. Nakumbuka asubuhi aliyoitoa chupa yake kwenye kitenge, akaipindua, na mafuta yakasogea. Alimnyooshea Deo aone. Deo alitazama, akageuza uso, akarudi kwenye mti wake. Nadhani ni pale alipojua kwamba atarudi Masisi bila mama yake, na ndivyo ilivyokuwa. Mama Veneranda aliishi huko chini miaka miwili na kidogo, akazikwa huko.

Nikiwa chini ya shitingi ile ya Sake, Janvier akiwasimulia watu sehemu ya kilio na wote wakicheka tena, nilijiuliza Mama Sidonie alikuwa na hamu gani. Nilimwuliza Janvier. Hakujua. Tuliwauliza wale wawili waliobaki wa kikundi cha Jumatano, walitazamana. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwaka mzima nilichambua maharagwe pamoja naye, ungo katikati, kichwa chake karibu na changu, mimi mwenye maswali kwa kila mtu, na kila mara mimi ndiye niliyekuwa nasema, na yeye ndiye aliyengoja mpaka mwisho. Baada ya safari ile nilikaa naye miezi miwili, kisha lori lilipita nikapanda. Niliporudi kumsalimia, na nilirudi mara nne tu katika miaka yote hii, alinipa maziwa na kiazi akaniuliza nilikotoka. Ningetoa njia zote nilizotembea nipate saa moja ya ungo ule, ninyamaze.

Siku ile ya nane, Itebero tuliingia jua likiwa kichwani. Nyumba ya Leokadia ilikuwa ng'ambo ya shamba la mihogo, na mwenyewe alikuwa mlangoni, amekaa chini, anamenya kitu kwa kisu. Mama Veneranda aliwaambia waliombeba washushe kiti hapo hapo, mwanzo wa shamba. Walishusha. Wakangoja amri ya kuendelea, haikuja.

"Mama, ni pale," alisema Deo.

"Naona."

Nilifahamu anachongoja. Nilifahamu pia kwamba Leokadia hawezi kutuona. Kwa macho yale sisi tulikuwa miti. Nilianza kukimbia nikamwambie. Mkono ulinishika kitenge kwa nyuma, na ulikuwa na nguvu.

"Usiende. Akiambiwa, haitakuwa."

"Lakini Koko, hakuoni!"

"Kaa."

Tukakaa. Janvier alijilaza kwenye nyasi. Jasho lilikuwa linamtiririka Mama Sidonie shingoni, na alikuwa ameshika mkono wa bibi kama anayepima mapigo, na labda alikuwa anapima. Leokadia alimenya, akatupa ganda, akamenya. Kuku walipita. Nilimwona Mama Veneranda akitazama dada yake mdogo aliyekuwa amezeeka, na nikaona hofu ikimpanda usoni: kwamba amebebwa siku nane, amevuka mito, na mtu pekee anayelijua jina lake yuko pale, na hana sababu yoyote ya kulitaja. Deo aligeuka asitazame.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria, wala yeye, nadhani, maana katika hadithi zote alizonisimulia yeye ndiye aliyeitwa. Alijishika kwenye mikono ya kiti cha mume wake, akasimama, akajaza kifua, na akamwita Leokadia. Hakuita Leokadia. Aliita jina jingine, fupi, la mtoto mdogo, ambalo sijawahi kulisikia hata siku nilizolala katika nyumba ile.

Kisu kilisimama. Yule bibi mlangoni hakugeuza kichwa kututafuta, wala hakuuliza ni nani. Alikiweka kisu chini taratibu. Aliitika, na bila kuvuta pumzi akaita jina la dada yake, lile refu, ng'ambo ya mihogo yote, na Mama Veneranda akaitika, na safari hii upande wa pili ukasikia. Leokadia akaendelea kupaza sauti, maneno mengi ya Kinyanga yaliyofuatana kwa ukali. Msichana alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. Nilimshika mkono.

"Anasema nini?"

Msichana alisikiliza. "Anamugombeza," akasema. "Anasema, ulikuwa wapi saa zote hizi, chakula imepoa."

Tulivuka shamba, Deo na Janvier wakimshika mama huku na huku, maana alikataa kurudi kwenye kiti. Chakula kilikuwa kimepoa kweli, ndizi na sombe kwenye sahani ya bati iliyofunikwa na jani. Tulikila hivyo hivyo.